Stuli ya Kezia

Jumatatu, 15 Aprili

Shule imefunguliwa. Mvua. Ndoo imerudi mahali pake pa siku zote, chini ya tundu la paa, karibu na mashine ya kukereza mbao.

Bi. Farrington, mkuu wetu, alinisimamisha koridoni. Waliochagua somo langu kwa mwaka ujao ni tisa tu. Anataka kumi na wanne. Wasipotimia, Ubunifu na Teknolojia inafutwa na karakana inakuwa chumba cha mitihani. Ila mwenyekiti wa bodi ya shule atakuja kutazama kazi za darasa la kumi na moja. Akipendezwa, huenda tukapata mwaka mmoja zaidi. Akaniambia nisije nikaona naandamwa mimi. Miaka ishirini na sita niko humu ndani. Anaandamwa nani basi, ile ndoo?

Nikamweleza Doreen, fundi wetu wa karakana. Akatazama dari. "Watoto watafanya mtihani na miavuli," alisema.

Jumatano, 17 Aprili

Kezia Holroyd hakuja. Bibi yake ameanguka bafuni, yuko hospitali ya Burnley. Wanaishi wawili tu.

Huyu ndiye tegemeo langu. Wengine wameniletea masanduku ya simu na taa za mezani, basi. Kezia anamtengenezea bibi yake stuli ya kukalia akivaa viatu, maana nyonga yake mbovu. Kiti chenyewe amekichonga kwa randa na msasa, hakugusa mashine. Ukikipapasa unasahau kwamba ni ubao. Maseremala wa ngazi kule Colne wamemwahidi uanagenzi akipata daraja la tano kwangu. Tisa ndilo la juu kabisa; la nne halitoshi. Aliniambia hivyo mara tatu kabla ya Pasaka, kama vile mimi ndiye ninayesahau.

Alhamisi, 18 Aprili

Bado hayupo. Kesho saa tisa kazi zote zinafungiwa kabatini, hazifanyiwi kazi tena.

Nimeiweka stuli yake mezani nikaikalia kidogo. Miguu inacheza! Yote minne. Ndimi, zile ncha za miguu, zimeingia kwenye matundu yake lakini hazibani, na hakuna hata tone la gundi. Nikaona aibu, kana kwamba kosa ni langu. Tangu siku ya kwanza nawaambia: kiungo kikicheza, umemdanganya atakayekikalia. Wanafunzi huniigiza kwa sauti yangu mwenyewe, wakidhani siwasikii.

Mtoto alichanganyikiwa na habari za bibi yake. Ndivyo nilivyojiambia.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimefanya.

Saa ya chakula Doreen alikwenda kununua chipsi. Nikafunga mlango wa karakana. Patasi, vipande vyembamba vya mbao kila upande wa ulimi, gundi, vibanio vinne. Dakika arobaini. Mikono ilikwenda yenyewe. Mwalimu haruhusiwi kugusa kazi ya mtahiniwa — kila Septemba nawasomea sheria hiyo kwa sauti, neno kwa neno.

Lazima niseme ukweli humu, maana kwingine sisemi: nilifurahi. Kwa muda ule wote sikuwaza hesabu ya tisa wala kumi na wanne. Nilikuwa seremala tu.

Doreen alirudi, akanusa.

"Umegundisha nini?"

"Droo."

Alinitazama, akala chipsi moja.

Jumatatu, 22 Aprili

Mwenyekiti amekuja. Mtu mnene, mpole. Alipita mezani haraka haraka mpaka kwa Kezia. Akaketi, akajitikisa kulia na kushoto, akampigapiga mkuu begani. "Hii imesimama kisawasawa," akasema. Bi. Farrington akatabasamu. Sikumbuki lini mara ya mwisho alitabasamu humu ndani.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Jumanne, 23 Aprili

Kezia amerudi. Amekonda. Bibi ametoka hospitali, anatembea kwa fremu ya kujishikiza. Alikuja moja kwa moja karakana wakati wa mapumziko, akatoa mfukoni kitambaa, akakikunjua mezani. Vigingi vinne vidogo vya mbao, laini kama vidole.

"Nimevipiga msasa hospitalini, Mwalimu. Nesi alinigombeza kwa vumbi. Najua Ijumaa imepita, lakini si nilikuwa na ruhusa? Naomba nivipachike tu."

Nikafungua kabati. Nilikuwa najua tayari. Nadhani nilijua tangu alipokikunjua kile kitambaa. Akaigeuza stuli, akavuta mguu. Akavuta tena.

"Haichomoki."

"Kezia."

"Mwalimu, haichomoki. Nani kaigundisha?"

Ilikuwa ichomoke. Bibi yake huenda kucheza bingo kila Alhamisi kwa teksi, na viti vya kule vinamuumiza nyonga. Miguu inang'olewa, inatiwa mfukoni pamoja na kiti, akifika anaipachika, kigingi kimoja kila mguu, inabana. Imo kwenye folda yake, ukurasa wa kumi na nne, na picha ya mfuko wenyewe. Sikuwa nimeusoma. Mimi huanza na mbao. Folda huzisoma mwisho. Miaka ishirini na sita.

"Nilidhani umekosea," nikasema.

"Ungeniuliza. Namba ya nyumbani unayo."

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu kwangu. Alivikunja vigingi vyake kwenye kitambaa, halafu akabadili mawazo, akaviacha mezani.

Jumatano, 24 Aprili

Doreen anajua. Alijua Ijumaa ile ile.

"Droo gani inataka vibanio vinne, Clifford?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe."

Alitaka tuikate ile gundi kwa msumeno mwembamba, turudishe ilivyokuwa. Nikakataa. Mikono yetu imetosha kwenye kazi ya mtoto yule.

Alhamisi, 25 Aprili

Fomu. Mistari miwili ya sahihi. Wa juu mtahiniwa, wa chini mwalimu: nathibitisha kwamba kazi hii ni ya mtahiniwa peke yake.

Kezia ameileta ya kwake akiwa ameshatia sahihi.

"Nitasema nilibadili mawazo, nikaigundisha mwenyewe," alisema. "Basi, yaishe."

"Utapoteza alama za ukurasa wa kumi na nne."

"Ngapi?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Anaangukia daraja la nne. Nilipomwambia alizungusha pete yake kidoleni.

"Wakikufukuza, somo linakufa?"

"Hilo si la kubeba wewe."

"Mdogo wake Callum wa darasa letu amechagua. Yumo kwenye wale tisa. Anakuja kwa ajili ya ile mashine ya kukereza."

Nikisema ukweli, bodi ya mitihani inachunguza. Huenda wakampa alama kwa alichobuni, huenda wakaifuta kazi yote. Hakuna aliyeweza kuniambia kwenye simu. Niliuliza kana kwamba aliyefanya ni mtu mwingine. Yule binti wa kwenye simu aliniita "mpendwa" na nikajua ameelewa.

Nina hofu. Si ya kazi tu. Naogopa kwamba jambo bora zaidi lililowahi kutengenezwa katika karakana yangu sikulitambua, nikalitia gundi.

Ijumaa, 26 Aprili

Naandika hapa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu. Saa nne asubuhi. Leo ndiyo siku ya mwisho ya fomu.

Tumepewa mwaka mmoja. Nimekuta karatasi kwenye kisanduku changu cha barua: mwenyekiti amekubali, na stuli itawekwa kwenye ukumbi wa kuingilia, na maandishi chini yake. Mpiga picha yupo ndani tayari, nasikia sauti yake.

Kezia amepita sasa hivi akielekea hesabu. Alisimama.

"Umesaini?"

"Bado."

"Jana bibi hakwenda bingo. Anauliza stuli inakuja lini." Akangoja. "Nimemwambia unaimalizia," akasema, akaenda zake.

Folda yake iko magotini, nimeifungua ukurasa wa kumi na nne. Fomu iko chini yake. Kalamu ya kusaini ndiyo hii ninayoandikia.

Katibu amefungua mlango. Mkuu anauliza kama nimekuja na fomu.

Nimekuja nayo. Nimekuja na vigingi pia, avione.