Baba, Usiwashe Pikapu

Baba, usiwashe pikapu. Nozo mpya za dizeli nimefunga tatu, ya nne bado. Shimo yake nimefunika na kitambaa, juu kuku wanapita hapo. Chai iko kwa thamosi.

Najua viazi za soko ya Chaka zinangoja, na si uvivu. Kila nozo hukalia wosha, hiyo kapete ka shaba, bila hiyo injini inavuja moshi. Asubuhi nilipanga wosha nne kwa meza, nikaangalia simu kidogo nirudishe nyuma video ya fundi. Kuinua macho, ziko tatu. Naskia Shosho anacheka jikoni peke yake. Ameivaa kwa kidole.

"Kinoti, bwana yangu," akaniambia, si unajua vile huniita juu niko na jina ya bwana yake, marehemu Guka. "Miaka yote hiyo, kumbe ulikuwa unanitafutia pete?"

Nikamwambia ni ya gari. Akasema hata yeye alibebeshwa mizigo kama gari, na hakuna siku alinunuliwa spea.

Baba, nilishindwa kumvua. Alikuwa anaipangusa na leso.

Nimepanda boda niende Chaka kutafuta ingine. Mwenye duka ya spea amesema kwa simu ati hana, lakini nitauliza tu kila mahali.

~~Ukifika jaribu kuitoa na sabuni.~~ Wacha. Ukifika, sifia hiyo pete.

Ni mimi kijana wako, na bwana ya mama yako.