Mwanangu Sasa Anajiita Wa Sita

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama umesimama tafuta kiti, maana mimi jambo hili lilinikuta nimesimama getini mbele za watu.

Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu, mume wangu ni fundi friji, na tuna binti mmoja wa miaka mitatu na ushee ambaye jina lake nililichagua kabla hata sijaolewa, jina fupi, tamu mdomoni, mtaa mzima hakuna aliyekuwa nalo, na nilipojifungua mama mkwe akaja na ombi lake kwamba mjukuu aitwe jina lake yeye, mimi nikasema mama nampenda lakini jina lile ni la kizee, linanuka kabati, mtoto atachekwa shuleni, basi kukawa na mnuno wa haja lakini nikashinda.

Wiki iliyopita nikampeleka chekechea siku ya kwanza, nimemvalisha soksi nyeupe, nimemsuka mistari myembamba, mwalimu akasimama mlangoni akaita jina la mwanangu, nikamsukuma kidogo mgongoni aende, mshauri, wakaenda watoto sita. Sita! Nikadhani mwalimu anatania, naye akacheka akasema, "Mama, ndilo jina lenyewe mwaka huu. Lile lililovuma mwaka juzi sasa hata paka hapewi." Nikageuka kuwatazama mama wenzangu waliobaki getini, na hapo ndipo nilipoishiwa kabisa, kwa sababu vichwa vile vyote ninavifahamu, ni wateja wangu, wote watano niliwasuka mwaka ule tukiwa na mimba pamoja, na kila mmoja wakati namsuka nilimwambia, "Mwenzangu, kuna jina nimemtunzia mwanangu, lakini usimwambie mtu," na unajua mambo ya saluni, mikono ikifanya kazi mdomo nao hautaki kukaa bure. Mmoja akanikumbatia kwa furaha akasema, "Kumbe na wewe umetuiga, dada!" Kutuiga! Mimi!

Hayajaisha. Mwalimu ili asichanganyikiwe amewapa majina ya pembeni, kuna Mrefu, kuna Mapengo, kuna wa Dirishani, na wangu kwa kuwa alifika mlangoni wa mwisho ni Wa Sita, na jioni baba yake alipomuuliza, "Unaitwa nani, mama?" akajibu kwa maringo, "Wa Sita!" mume wangu akacheka hadi bisibisi ikamdondoka, mimi nikaingia chumbani kulia.

Halafu Jumamosi akaja mteja, dada mmoja wa benki, mtu wa kwenda na wakati, amebeba kichanga chake, nikamuuliza anaitwa nani, akataja jina la mama mkwe wangu, lilelile la kabati, na saluni nzima ikapiga kelele, "Jamani, jina zuri hilo, la kipekee!" nikakaa chini na kitana mkononi kama mtu aliyemwagiwa maji.

Sasa nimeamua kumbadili mwanangu jina, aitwe la bibi yake kabla watu hawajaliwahi, na tangu Jumapili namwita hilo jipya lakini haitiki, ananitazama, kisha anageuka nyuma kuona nani anaitwa, jana nikamwambia hupati maziwa mpaka uitike, akakaa na njaa yake, nami nikajisahau nikamwita lile la zamani, akaja mbio jikoni. Mume wangu anasema niache wazimu, na mama mkwe alipopata habari alituma ujumbe, "Jina langu si ndoo, kwamba mtakuja kuazima maji yakikatika." Jumatatu nimepanga kwenda ofisi ya vizazi kulibadilisha. Niende, au nitakuwa nimemkosea mwanangu?

Msusi Aliyeishiwa Pumzi

*

Msusi, nilitii, nilikaa, na heri nilikaa. Lakini kilichoniacha mdomo wazi si wale watoto sita. Ni yale maziwa. Mtoto wa miaka mitatu umemwacha na njaa kwa sababu hakutaka kuwa mtu mwingine? Usirudie. Kabisa!

Pole kwa aibu ya getini, najua inauma. Ila wale wanawake hawakukuibia kitu. Wewe uligawa. Siri inayosimuliwa kwenye kiti cha saluni ni tangazo, na tangazo lako lilisikika vizuri.

Halafu unanishangaza wewe, mtu wa mitindo. Ile misuko waliyosukwa bibi zetu si mliicheka? Leo wanawake wanapanga foleni kwako waisukwe. Majina nayo ni hivyohivyo: linapendwa, linajaa mtaani, linachosha, linatupwa kabatini, kisha wajukuu wanalitoa na kudhani wamelibuni wao. Ukilikimbilia la mama mkwe leo, subiri watoto wa akina dada wa benki waanze chekechea. Watasimama saba. Utambadili tena? Mimi darasani tulikuwa wanne wa jina moja, nikaitwa Masikio mpaka namaliza shule, na masikio hayohayo ndiyo yananilisha leo.

Jumatatu usiende ofisi yoyote, fungua saluni. Ila asubuhi pitia kwa mwalimu, umwambie kwa adabu kwamba mwanao aitwe jina lake na la baba yake, kwa sababu watoto hawapewi namba. Kisha nenda kwa mama mkwe, na usiende kuomba jina. Mwombe radhi kwa neno lile la kabati, ulitaje kama ulivyolisema, usilipake sukari. Mwoshe nywele, umsuke taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwako suka ukiwa umefunga mdomo, yeye ndiye azungumze. Siku akitaka mjukuu mwingine arithi jina lake, atasema mwenyewe.

Na jibu la swali lako umeliandika kwa mkono wako bila kuliona. Mwalimu alipoita mlangoni, walikwenda sita. Ulipoita wewe jina hilohilo jikoni, alikuja mmoja, mbio, na njaa yake. Jioni hii mwite tena, kisha umpe maziwa yake.