Nani Atamfunza Baba Mkwe Gari?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe kwa kuandika mengi, maana jambo lenyewe halielezeki kwa kifupi, na barua hii nampa mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi ya kupiga chapa hapo gazetini kwenu akukabidhi mkononi, kwa sababu ikingoja posta mambo yatakuwa yameshaharibika.

Mimi naitwa Mideva, ni mke wa Otiende, na sisi wawili tuna shule ya udereva hapa Umoja, katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe ameiongeza na kuiongeza mpaka karibu ishike barabara. Na nikisema tuna shule usifikirie kibao tu na gari bovu, hapana, watu wanatoka Ziwani wakipita shule nyingine njiani ili waje kwetu, wanaume waliopunguzwa kazi viwandani wanakuja kwetu wakitafuta kazi mpya ya usukani, na hata akina mama wa Kiislamu wa Majengo wanakuja, kwa sababu gari letu, Datsun nyeupe, mwalimu wake wa barabarani ni mimi. Nilijifunza udereva kwenye malori ya National Youth Service nikiwa msichana, na leseni ya kufunza ni yangu. Wa kwanza kuja kutoka Majengo alikuwa Bi Muhiba, ambaye mumewe Muhidin ni mwalimu wa udereva pia, ana shule yake ndogo huko, lakini alimleta mkewe kwangu akasema mume kumfunza mke gari ni kutafuta talaka, na kwamba wanawake wa mtaa wake hawawezi kukaa bega kwa bega na mwanamume asiye wao, basi tangu hapo wote anawaleta kwangu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na yeye ndiye mwenye ubao. Unajua kila shule ya udereva ina ubao wenye barabara zilizochorwa na magari madogo ya kuchezea ya kufunzia sheria, lakini wa Otiende si kama hiyo mingine, aliuchonga mwenyewe na seremala wa Gikomba, akachora Jogoo Road na mizunguko yake yote, akatengeneza malori kwa mikebe ya rangi ya viatu, na mtu akitoka pale unaweza kumwamsha usingizini ukamuuliza nani apite kwanza, akakujibu. Hakuna mwanafunzi wetu aliyewahi kuanguka mtihani wa ubao. Najivunia mume wangu, na ukiichapa barua hii tafadhali hilo usilikate.

Shida ni kwamba Otiende anaogopa barabara. Alipokuwa kijana aligongwa akiwa kwenye baiskeli pale Jogoo Road, na tangu hapo, ingawa leseni ya kuendesha anayo na kwenye njia tupu anaendesha vizuri, magari yakiwa mengi mikono yake inatoa jasho mpaka usukani unateleza. Hajawahi kunificha, na mimi sijawahi kumcheka. Sasa, kila Desemba tukienda nyumbani Maragoli ni mimi ninayeendesha, Nakuru, Kericho, Kisumu, na tukifika Chavakali nasimama kando ya njia, tunabadilishana viti, naye anaendesha kile kipande kilichobaki akipiga honi mpaka uani kwa baba yake, na wazo hilo lilikuwa langu, nilitaka mzee amwone mwanawe akiingia na gari, na ungeuona uso wa mzee, mshauri, ungebadilisha kiti wewe pia. Kwa hiyo nyumbani wote wanajua mwalimu wa gari ni Otiende na mimi nashika ofisi, nasi tukirudi Nairobi tulikuwa tukilicheka jambo hilo njia nzima.

Hatucheki tena. Baba mkwe amestaafu kiwanda cha chai, amenunua pikapu, ameifunika turubai kule nyumbani, na amekuja kwetu na basi akiwa na jogoo chini ya kwapa na kofia mpya, anasema amekuja kufunzwa na mwanawe. Otiende alijaribu kumwambia kuna shule nzuri karibu na kwao, mzee akamjibu kwamba hawezi kwenda kufunzwa na mtu baki na mwanawe ana shule Nairobi, watu watasema nini. Kwenye ubao amefanya vizuri kuliko vijana, anasogeza vile vilori vya mikebe akijiongelea mwenyewe, na kila jirani anayepita anaambiwa hii ni shule ya mtoto wangu. Sasa ubao umekwisha na anataka barabara.

Na hata kama angejua ukweli, mshauri, mimi ningemfunzaje? Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mkono, hawakai kiti kimoja, akiingia kwa mlango huu mimi natokea ule, na katika gari mwalimu anakaa hapo hapo kando, mguu kwenye breki ya pili, na mtu akipotea lazima nishike mkono wake juu ya usukani. Nikifikiria tu nasikia aibu.

Otiende amemwambia gari liko gereji linangoja kifaa. Gari liko nyuma ya kituo cha petroli cha barabara ya Outer Ring, na kila asubuhi mimi natoka nyumbani na kikapu kana kwamba naenda sokoni, nawakuta wanafunzi wangu huko wamejificha kama wezi, na nikirudi napitia kwa mama mboga ninunue sukuma wiki ili kikapu kisirudi kitupu. Tumekula sukuma wiki mpaka mzee ameuliza kama Nairobi hakuna mboga nyingine. Mchana naketi ofisini namwekea chai mezani na kukaa mbali, na juzi aliniambia, kwa upole kabisa, "Mama, umekaa na mwalimu miaka hii yote na hujamwomba akufunze hata kurudisha gari nyuma?"

Nikamjibu, "Bado, baba." Kisha nikaenda chooni nikalia kwa hasira, mimi niliyewafunza madereva ambao sasa wanaendesha mabasi ya Kampala.

Usiku huo nilimwambia mume wangu yatosha, amwambie baba yake. Akasema, "Jumamosi nitampeleka mimi mwenyewe. Ni baba yangu, Mideva. Kijiji kizima kinajua mimi ndiye mwalimu." Anataka kukaa kwenye kiti changu, aweke mguu kwenye breki yangu, na mzee ambaye hajawahi kugusa klachi ashike usukani. Nikisema ukweli namvua nguo mume wangu mbele ya baba yake, na ni mume mwema, hajawahi kunizuia kitu. Nikinyamaza nabaki mpishi wa chai katika shule niliyoijenga kwa mikono yangu, au nawazika wote wawili. Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mideva, Umoja, Nairobi, Agosti 1995

MAMA NERIMA ANAJIBU:

Mideva mwanangu, barua imenifikia, na huyo mwanafunzi wako aliyeileta nimemwona akiegesha gari hapa nje, kati ya lori la karatasi na ukuta. Ameegesha vizuri. Kwa sababu hiyo nakujibu leo, na nakala ya jibu nimempa akuletee, gazeti litafuata nyuma.

Jumamosi hakuna safari. Hilo halina mjadala. Funguo ziweke unapojua wewe, na mwambie Otiende kwamba mtu asiye na leseni ya kufunza, anayetokwa jasho akiona lori, kumkalisha baba yake kwenye usukani pale Outer Ring si mapenzi, ni kumtafutia jeneza. Akikasirika, akasirike akiwa mzima.

Sasa tugombane kidogo mimi na wewe. Umemwandika mumeo kama ndiye aliyeleta haya, lakini nani alisimamisha gari Chavakali? Nani aliyehama kiti? Ulimpa mumeo sifa isiyo yake kwa sababu ulimpenda, naye akaivaa kwa sababu ilimkaa vizuri, na nyote mkacheka njia nzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hakuna mtu mbaya katika barua yako, na ndiyo maana imewashinda, maana mtu mbaya mngekuwa mmeshamfukuza.

Na mimi sioni mume wa kuonewa aibu hapa. Mwanamume aliyeacha kazi ya serikali akaingia biashara na mkewe, akakaa ndani na ubao huku mke akitoka na gari, na jioni hana neno la kijicho, wangapi unawajua Eastlands nzima? Wanawake wanaoniandikia kila wiki wangelipa nauli waje wamwone. Anajidharau bure. Kazi yake inampeleka mtu barabarani akiwa na akili, yako inamrudisha akiwa na leseni.

Basi atasema mwenyewe, si wewe. Baba kuambiwa na mke wa mwanawe ni aibu mara mbili. Wewe Ijumaa asubuhi toka na kikapu chako, na safari hii usinunue sukuma wiki. Otiende amkalishe mzee mbele ya ubao, pale anapojiamini, aweke kigari kimoja kwenye barabara iliyochorwa amwambie: baba, mimi kazi yangu inaishia hapa mezani, na hapa hakuna anayenishinda. Barabarani mwalimu ni Mideva. Nilikuacha uamini vingine kwa sababu nilipenda unavyonitazama nikipiga honi. Mzee atanyamaza. Amwache anyamaze, asimjazie maneno. Mtu aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote anajua mashine moja huendeshwa na watu wawili.

Kuhusu heshima ya mkwe, usiniambie ni mambo ya kizamani, na nashukuru hukuniambia. Mimi nimeolewa huko huko. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, nilimwekea chai kwenye kigoda nikarudi nyuma ndipo aichukue, na sikuwahi kuona nimedharauliwa. Kilichokuliza chooni si ile desturi, ni ule uongo, usivichanganye. Hebu fikiri: Bi Muhiba na wenzake wanakuja kwako kwa sababu gani? Kwa sababu kuna mtu ambaye hawawezi kukaa naye bega kwa bega, na nyinyi mliwapa nafasi bila kuwauliza maswali mengi. Shule yako imesimama juu ya adabu ya watu wengine. Ya baba mkwe wako ndiyo ikushinde?

Nenda kwa Muhidin leo. Umemfunzia mke na nusu ya majirani, mwambie sasa ni zamu yake akufunzie baba. Afunze kwa Datsun yenu, yenye jina la shule yenu, ili mzee akirudi nyumbani aseme bila kudanganya kwamba amefunzwa katika shule ya mwanawe. Muhidin si mtu baki, ni mwalimu mliyemleta nyinyi.

Lakini kabla Muhidin hajamgusa, Jumamosi hiyo hiyo, mzee apande gari kiti cha nyuma, kona ya mbali, Otiende akae kando yake, Bi Muhiba ashike usukani na wewe ukae mahali pako. Hutamgusa, hatakugusa, hamtatazamana. Mpitishe Bi Muhiba kwenye mizunguko ya Jogoo Road ile ile ambayo mzee ameisogezea vilori mezani, na ufunze unavyofunza siku zote, kwa sauti yako ile ile, na pa kukemea ukemee. Usipunguze kitu kwa sababu baba yuko nyuma. Mwache asikie mkamwana wake ni nani. Akishuka atakuwa na neno la kukwambia au hatakuwa nalo, lakini lile swali la kurudisha gari nyuma hutalisikia tena.

Na Desemba ikifika, mwanangu, mtaenda nyumbani kama kawaida yenu, Nakuru, Kericho, Kisumu. Honi mwachie Otiende, mkono wake unaifikia kutoka alipokaa.

Ila ukifika Chavakali, usisimame.