Panzi Aliyerudishiwa Hewa

Dada yangu Mwanakombo,

Bendera mpya ya uhuru imeshapandishwa, na wewe hukuiona. Hilo linaniuma. Lakini leo nina habari njema: nimepata nafasi ya chuo cha ualimu, huko bara, milimani.

Mama alikataa katakata. Tangu pumu ikuchukue mikononi mwake, akisikia kwamba milimani hewa ni nyepesi hutetemeka. "Nimezika mmoja kwa kukosa pumzi. Simpeleki wa pili." Nikaenda kumweleza mwalimu wetu wa sayansi, dada.

Basi mwalimu akamwita Mama shuleni, hapa hapa Kisauni. Mama akaja na buibui lake, uso ameukunja. Mwalimu akatia panzi ndani ya chupa kubwa ya kioo, akaanza kuivuta hewa kwa pampu. Unamkumbuka yule panzi uliyemtumbukiza kichwa kwenye kata ya maji, akakaa tu, hafi? Ulicheka hadi ukakohoa: "Huyu pua yake iko wapi?" Iko ubavuni, dada! Ni vitundu vidogo, safu nzima, na kila kimoja kina mrija wa kupeleka hewa mwilini.

"Sasa hewa ni kama ya huko milimani," mwalimu akasema. Panzi alikuwa bado akitembea.

"Na ukizidisha?" Mama akauliza.

Mwalimu akavuta. Vitundu vikabaki wazi, tumbo likawa linatuna na kubonyea mbiombio. Akavuta tena. Panzi akaanguka ubavu, kimya.

Mama akaikamata chupa kwa mikono miwili. "Mrudishie hewa yake, mwalimu! Mrudishie!"

Mwalimu akafungua. Hewa ikaingia kwa mluzi. Tukangoja. Mguu ukacheza, kisha wa pili, kisha panzi akasimama. Mama akacheka huku analia. Wallahi, dada, sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike.

Tulipofika mlangoni kwetu akasema, "Wewe huna pumu. Mimi ndiye niliyekuwa na hofu. Nenda, mwanangu."

Naondoka Jumamosi. Nitafundisha sayansi, inshallah, na mtoto akiniuliza swali la ajabu kama yale yako, sitamnyamazisha. Nakuahidi. Na Fatiha yako nitaisoma huko huko.

Mama naye anasema siku moja atapanda gari la moshi, aje aivute hiyo hewa ya milimani kwa pua yake mwenyewe.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Rukia