Nafasi Kumi na Tano

Kaliua, 3 Machi 2025

Mume wangu Profesa Ambrosi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Huku hatujambo, mvua inanyesha na tumbaku ya baba imestawi. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unajitungia.

Nimechaguliwa kusomea urubani. Chuo kinataka barua ya ruhusa ya mzazi kabla ya mwezi kwisha, na baba amegoma kuiandika mpaka wewe baba yake, uliyerusha ndege kwenye vita vya Kagera, useme neno. Basi liseme, mzee wangu.

Mkeo,
Apolinaria

Kitete, Tabora, 8 Machi

Mke wangu,

Marahaba. Goti linalalamika, lakini nguvu za kukuoa mara ya pili bado ninazo. Mke wa kurukaruka angani simtaki, nani atanisongea ugali wa muhogo? Kasome biashara. Nimeifundisha miaka thelathini na hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyeanguka kutoka mawinguni.

Mumeo,
Ambrosi

Kaliua, 12 Machi

Babu,

Shikamoo. U mzima? Leo nakuita babu ili ujue sitanii. Tangu nikiwa darasa la pili, kila nikikuuliza habari za vita unaniita mke, tunacheka, yanaishia hapo. Bibi, Mungu amrehemu, aliniambia hata yeye hukumwambia kwa nini uliacha kurusha ndege. Kama unaona ni hatari, niambie. Kama ni kwa kuwa mimi msichana, niambie pia. Nitaumia, lakini nitakuwa nimejua.

Mjukuu wako,
Apolinaria

Kitete, 21 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Usichana wako hauna kosa lolote.

Mwaka 1979 nilikuwa nabeba majeruhi kuwapeleka Mwanza. Siku moja niliwakuta kumi na tisa, na ndege ilikuwa na nafasi kumi na tano. Daktari hakuwepo. Nikachagua mimi, kijana wa miaka ishirini na mitano. Mmoja wa wanne niliowaacha, Masolwa wa Ziba, alinisaidia kuwapandisha wenzake kwa mkono wake uliobaki mzima. Niliporudi jioni nilimkuta amefunikwa shuka.

Nikaenda kusomea biashara kwa sababu huko ukikosea hesabu hafi mtu. Sihofii kwamba utaanguka, Apolinaria. Nahofia siku utakayolazimika kuchagua.

Babu yako,
Ambrosi

Kaliua, 24 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini umepumzika baada ya kuandika hayo. Nimelia, kisha nikaificha barua, baba hajaiona. Ukisema nisiende, siendi, wala sitakununia. Zimebaki siku saba. Ila kwanza nijibu hili: siku ile, kama rubani asingekuwa wewe, ungetaka awe mtu wa namna gani?

Mjukuu wako,
Apolinaria

Kitete, 29 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sijambo. Barua hii nampa jirani yangu Suzana, anakuja huko na treni ya leo.

Nimekaa na swali lako tangu lilipofika. Ningetaka awe mtu ambaye kuwaacha wale wanne kungemuuma. Wewe umemlilia mtu aliyekufa kabla baba yako hajazaliwa. Nenda ukasome. Mwambie baba yako nimeridhia, na ile barua uliyoificha mpe aisome, mimi nimechoka kuficha habari hiyo.

Nakuagiza jambo moja tu. Siku ikikufika kama ile iliyonifika, usikae nayo miaka arobaini na sita. Ukishuka kwenye ndege njoo uniambie. Ukikuta nimeshakufa, mwambie mtu mwingine, siku hiyo hiyo, kabla hata hujavua viatu.

Babu yako,
Ambrosi