Namtaka Mama Sogea na Kamera Yake Ndogo, Mama Mkwe Ameshalipia Kikosi Kizima

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu harusi yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, maana nikinyamaza naumia, na nikisema naona nitawaumiza watu wasio na kosa.

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, anatengeneza mageti na madirisha, na nilipokuwa mdogo mtungi wa gesi ulilipuka hapo hapo kazini ukamuunguza shavu la kushoto mpaka shingoni, akapona, akarudi kazini, lakini tangu siku hiyo yeye na picha basi. Ukifungua albamu yetu utadhani tulilelewa na mama peke yake, kwa sababu kila watu wakijipanga baba ndiye anayenyoosha mkono na kusema lete hapa niwapige mimi. Kwenye harusi ya binamu yangu mpigapicha mmoja alisimama huko mwisho wa ukumbi na lenzi ndefu kama mkono wa mtu, akamvuta baba anakula bila mwenyewe kujua, na uso wake ukatokea kwenye skrini kubwa mbele ya wageni wote. Baba aliweka sahani chini taratibu, akatoka, tukamkuta amekaa kwenye gari.

Sasa mwaka jana kampuni moja inayouza vyuma ilitaka kalenda yenye picha za mafundi, ikamtuma mama mmoja mpigapicha ambaye baadaye nilikuja kujua kwamba magazeti na hospitali zinamgombania kwa picha zake. Mimi nilikuwa nyumbani nikashuhudia yote. Alikuja kwa miguu, hana begi, hana msaidizi, hana taa, shingoni ana kamera ndogo kama kisahani cha sabuni, yenye lenzi moja tu isiyobadilishwa wala kuvuta vya mbali vije karibu. Baba alimkaribisha kiti, akamuuliza kama wenzake wako njiani. Akajibu, "Tumeshafika wote, mzee."

Mshauri, sijawahi kuona mtu anafanya kazi vile. Kwa kuwa lenzi yake haivuti, anayesogea ni yeye: akitaka mikono ya baba anachuchumaa jirani na cheche mpaka mama yangu akakimbia kumletea miwani ya kukinga macho, akitaka geti zima anarudi nyuma hadi barabarani gari zinampigia honi, ndipo mafundi wa baba wakambatiza Mama Sogea, naye akacheka akalipokea jina. Hakuwa akiinua kamera na kuhangaika kutafuta. Alisimama mahali, na ukimwona amesimama ujue ameshaamua nini kitaingia kwenye picha na nini kitabaki nje, akainua, kikasikika kimlio kama mtu amebonyeza kalamu, akashusha. Nilimuuliza kama hachoki na lenzi moja, akaniambia ameitumia miaka mingi mpaka anauona upana wake hata akiwa sokoni mikono mitupu, na kwamba wapo wenzake kadhaa wanaofanya kazi hivyo hivyo na wote wamezoea kuulizwa kamera kubwa iko wapi.

Muda wote huo baba alimgeuzia upande wa kulia. Mwishoni yule mama alisimama mbali kidogo akamwambia hivi: "Mzee, kamera yangu haijui kuiba kwa mbali. Nikiutaka uso wako lazima nije mpaka hapo ulipo. Nije, au tuishie hapa?"

Baba alifuta mikono kwa kitambaa, akakikunja taratibu, pembe kwa pembe, mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yao wote wawili. Kisha akasema, "Njoo."

Picha ile iko sebuleni, baba alitoboa ukuta mwenyewe akaitundika. Kovu lote linaonekana, halikufichwa hata kidogo, ila cha kwanza kukupokea ni macho yake yanayotaka kucheka, na unajisikia umesimama wewe mwenyewe mbele yake. 

Basi mimi naolewa mwezi ujao, na mama wa mchumba wangu, kwa moyo safi kabisa, ametupa zawadi ya kikosi cha wapigapicha wenye kamera za kila aina, lenzi ndefu, na skrini kubwa ukumbini. Nilimwambia mchumba wangu, ambaye ni fundi umeme na kijana mstaarabu, kwamba namtaka Mama Sogea, akasema mama yake ameshawatangazia ndugu zake wote, na tena kamera ya mfukoni kwenye harusi watu watadhani tumeishiwa. Baba aliposikia habari za skrini akasema mjomba ndiye aniingize ukumbini, yeye atakaa nyuma karibu na mlango. "Usigombane na wakwe zako kwa sababu ya shavu langu," akaniambia. Zawadi ya mkwe naikataaje? Na baba nimwachaje mlangoni?

Binti wa Fundi

JIBU

Binti wa Fundi, marahaba. Pole, na hongera kwa kuwa na baba wa namna hiyo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya lile "njoo" tu.

Sasa nikugombeze. Umezungumza na mchumba, umezungumza na baba, umeniandikia na mimi nisiyekujua, lakini mama mkwe hujamwambia hata neno. Hajakataa chochote kwa sababu hajaombwa chochote. Habari za sahani na gari angezijua vipi? Unamwogopa mwanamke ambaye kosa lake ni kukupa zawadi.

Na huyo mchumba wako anayeogopa kuchekwa, msomee hapa. Hawa watu wa kamera moja nawajua. Mmoja alitumwa ofisini kwetu kunipiga picha ya ukurasa huu. Nilijitengeneza, nikakaa wima, nikamsubiri aanze, kumbe ameshamaliza anakunywa chai. Aliyoichagua ni ile aliyonipiga nikibishana na mhariri, na ndiyo picha pekee ambayo watoto wangu wanakubali kwamba ni mimi. Mtu huyo hajaishiwa. Ameviacha vingine kwa hiari yake, na kile alichobaki nacho anakijua nje ndani.

Anza na baba, na usimpangie. Uso wake aliutoa akiwa karakanani kwake, na nguo zake za kazi. Ukumbi uliojaa wageni ni jambo jingine. Muulize kwa namna ile ile aliyoulizwa na yule mama: akuingize ukumbini Mama Sogea peke yake akiwapiga picha, au akae mlangoni, kisha mpe muda kadiri anavyotaka. Akikataa, akae anapopenda, na wewe umfuate huko huko mlangoni ukamsalimie mbele ya watu wote. Akikubali, tungua ile picha ukutani, mchukue mchumba wako, nendeni kwa mama mkwe. Mshukuru kwanza, na umaanishe. Kisha mpe picha aishike, umsimulie. Kikosi chake kibaki, kina kazi tele: wageni, muziki, keki, na ndugu zake wote waliotangaziwa. Mama Sogea apewe asubuhi ya nyumbani na ile safari yako na baba ya kuingia ukumbini, na kwa muda huo lenzi ndefu zishushwe, skrini izimwe. Mkuu wa kikosi aambiwe mapema na kwa heshima. Ni mtu wa kazi, ataelewa. Mama mkwe akikunja uso, wa kumjibu ni mwanawe. Hiyo iwe kazi yake ya kwanza kama mume, na aifanye kabla ya pete.

Siku yenyewe mshike baba mkono, mtembee polepole kuliko mlivyozoea. Mama Sogea atakuwa mbele yenu, anarudi kinyumenyume njia nzima. Msimkanyage.