Sabuni ya Maji ya Chumvi

Likoni, Jumatano, Januari 1962. Joto la kaskazi leo halina adabu.

Nimerudi kutoka Changamwe na furushi la sabuni kwapani na hasira nisiyojua niiweke wapi. Naiweka hapa.

Leo kiwanda chetu kimezindua sabuni mpya, inayotoa povu hata katika maji ya chumvi kama haya ya visima vyetu. Tangu nizaliwe, sabuni ya kawaida hapa huganda ikawa utando mweupe juu ya ndoo, na kola za mashati zikabaki na weusi wake. Aliyeivumbua hii mpya ni mwalimu wa kemia wa chuo kikuu cha bara, kwa fedha za kiwanda, nami nilikuwa msaidizi wake katika chumba cha majaribio. Maji ya kujaribia yalitoka kisimani kwetu. Niliyabeba mwenyewe ndani ya feri, abiria wakinicheka: huyu naye anavusha maji ya chumvi juu ya maji ya chumvi!

Niliipenda kazi ile. Siku tulipotikisa chupa na povu likapanda mpaka kwenye kizibo, mwalimu alinivulia kofia. Nilitembea na furaha hiyo wiki nzima.

Wala sisemi haikuleta faida. Kiwanda kimeongeza zamu, vijana waliokuwa wakishinda vibarazani wamepata kazi, na wakulima wa Kisauni mbata zao, nazi kavu za kukamulia mafuta ya sabuni, hazilali tena bila mnunuzi. Hayo ni kweli na nimeyaona.

Ila kuna baba.

Moyo wake umechoka na miguu inavimba. Daktari amemkataza chumvi. Nyumbani tumeacha kuitia katika mchuzi, lakini wali tunaupika kwa maji ya kisima, sasa tumemkataza nini? Maji matamu huletwa na mchukuzi wa mkokoteni, na kiangazi hiki haonekani. Tumaini letu lilikuwa mfereji, bomba la maji matamu, ambao idara ya maji iliuahidi Likoni. Baba alikwisha chagua hata mahali pa kuuweka, karibu na mlango, asihangaike kutembea.

Leo bwana mkubwa wa idara hiyo alisimama kuhutubia. Alisema elimu na viwanda vikishikana, nchi hupiga hatua, na uhuru utatukuta tayari. Tukashangilia. Kisha akasema kwamba kwa kuwa maji ya Likoni sasa yanafaa kufulia, mfereji wetu unaweza kungoja. Mabomba yatalazwa kwanza hadi kiwandani, zamu mpya isikose maji.

Yaani maji matamu yataenda kutengeneza sabuni ya maji ya chumvi.

Nilimtazama mwalimu. Habari za baba anazijua, nilimsimulia mwenyewe. Aliangalia viatu vyake, kisha akapiga makofi. Nami nikapiga, kwa kuwa kila mtu ukumbini alikuwa akipiga. Viganja vinaniwasha hadi sasa, au ni mimi tu.

Nilipofika nyumbani nilimnawisha baba mikono kwa sabuni yetu. Povu lilimjaa viganjani, akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini.

"Mwanasha!"

"Abee, baba."

"Hii ndiyo kazi yenu? Mashaallah! Basi na mfereji hauko mbali. Wameshajua Likoni kuna watu."

Nilimsuuza povu. Akaomba maji ya kunywa, nikampa yaliyokuwapo.

Nina uchungu. Walichukua maji yetu wakayasoma hadi wakayaelewa, na katika kuyaelewa kote huko hakuna aliyeuliza kama tunayanywa.

Kesho asubuhi bwana mkubwa anakuja kisimani kwetu kuishuhudia sabuni, pamoja na mpiga picha wa gazeti. Mimi ndiye niliyepangiwa kumkaribisha, na inshallah nitamkaribisha vizuri. Nitatandika kitambaa cha Idi. Nitamketisha kando ya baba, aione ile miguu. Kwetu mgeni haondoki bila chai, na mgeni mwenye heshima zake hakiachi kikombe. Nitaipika kwa maji ya kisima, nitie na maziwa, yakatike mabonge mabonge mbele ya macho yake, na nitasimama na birika mkononi mpaka amalize.

Akimaliza, nitammiminia cha pili.